Usingizi wa Kuazima

Siku ya kwanza usingizi ulikataa katakata kuja.

Bi Nyamizi alilala chali kitanda cha kulia, kofia ya nyuzi za fedha imembana hadi kwenye nyusi. Kitanda cha kushoto alilazwa mjukuu wake Mwashi, mwenye miezi saba, naye kavishwa kofia kama hiyo, ndogo kiasi cha kutosha dafu. Waya mmoja mwembamba ulitoka kofia hii ukaingia kofia ile. Kalunde, mama wa mtoto, aliketi mkekani katikati yao, na kwa kuwa hakuna aliyempa kazi yoyote, aliushika waya ule kwa vidole viwili usije ukagusa sakafu.

"Bibi, hujalala," alisema Daktari Sekela.

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu, bibi."

Ukutani ilipita michoro miwili. Wa mtoto ulikuwa vurugu tupu, mistari imepandana na kusokotana kama nywele zisizochanwa wiki nzima. Wa bibi ulipaswa kuwa mawimbi makubwa ya polepole, lakini nao ulikuwa unatetemeka. Ilikuwa saa nane mchana, mapazia yameshushwa, na vigae vya umeme wa jua juu ya paa vilitatarika kwa joto la Tabora.

Kituo kile kilijengwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, kifafa cha watoto wachanga kinachowakunja. Mtoto akiamka, kichwa kinaanguka mbele, mikono inarushwa, mwili unajikunja kisha unaachia, halafu tena, halafu tena. Ukimwangalia mara moja unaweza kudhani anaumwa tumbo. Ukimwacha wiki kadhaa anaanza kurudi nyuma, anasahau kucheka, anasahau kumtazama mama yake. Kwa watoto wengine chanzo kinaonekana, hewa ilipungua wakati wa kuzaliwa au kuna hitilafu ya kurithi, na kwa wengine wataalamu wanapekua wasione kitu. Kwa Mwashi hawakuwa wameona kitu.

Dawa ya homoni alishaanza kupewa. Kituo kilikuwa na nyongeza yake, waliyoiita usingizi wa kuazima. Mtu mzima wa ukoo mmoja na mtoto analazwa naye, na mawimbi ya usingizi wake mzito yanaongoza ule ubongo mdogo uliopoteza mwendo. Kalunde mwenyewe alipimwa akakataliwa. Miezi saba ya kunyonyesha ilikuwa imeukatakata usingizi wake, hakuwa na kipande kirefu cha kutoa. Mumewe Kasubi, mwana wa Bi Nyamizi, aliyekuwa kwenye ujenzi wa reli huko Kigoma, alipimwa hukohuko, mawimbi yake yakagoma kuoana na ya binti yake. Bi Nyamizi, ambaye nyumbani walimtania kwamba hata bati likiezuliwa haamki, alipita papo hapo. Na sasa mwenye usingizi wa pono alikuwa amekodoa macho darini.

Daktari Sekela alivuta kigoda akakaa karibu naye. Alikuwa binti wa Kinyakyusa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Bibi, kofia haichagui," alisema. "Inabeba chochote ilichokuta. Kuna baba mmoja alilala hapa na hofu yake, mtoto akaamka analia kwa hofu isiyo yake. Kama kuna kitu kimekukaa moyoni, kitoe kwanza. Siku za matibabu ni nne tu. Bangili ya vipimo aliyovishwa mtoto mguuni inasema ugonjwa una siku tatu, mmewahi sana."

Bi Nyamizi aliinuka akakaa. Kofia ilimfanya aonekane kama mtoto aliyevalishwa kwa nguvu.

"Bangili imekudanganya, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeifundisha uongo."

Kalunde aliachia waya.

"Huyu mtoto alikuwa anatuamkia," bibi aliendelea, anaongea na magoti yake. "Kila akiamka. Kichwa chini, mikono mbele, mara tano, mara nane. Kwetu sisi mtoto anafundishwa kuinama mbele ya wakubwa tangu anapoanza kusimama, na huyu hajajua hata kukaa anainama! Niliita majirani waje kuona. Walikuja mpaka wa kutoka Kipalapala. Halafu hiyo bangili yenu mguuni inawaka njano, inawaka njano, kana kwamba mtoto ana kosa. Nikaivua."

"Ikivuliwa inatuita," alisema Daktari Sekela.

"Najua inaita. Inataka joto la mwili. Nikamvisha Diwani."

"Diwani wa kata?"

"Paka," alisema Kalunde. Sauti yake ilitoka mbali.

Daktari aliziba mdomo kwa kiganja. Baadaye alikiri kwamba wiki mbili nzima pale ofisini walikuwa wakibishana kuhusu mtoto mmoja anayelala saa kumi na sita kwa siku kisha anaruka ukuta. Lakini wakati ule hakucheka. "Siku ngapi, bibi?"

"Kumi na tisa. Nilikuwa namrudishia siku za kliniki tu. Na siku tatu zilizopita, siku ya kliniki, muuguzi wa chanjo akamwona anajikunja kwenye mizani."

Kumi na tisa na tatu. Kalunde alijumlisha bila kutaka. Alikumbuka kila asubuhi aliyosema, "Mama, mbona kama si kawaida?" na kila asubuhi aliyojibiwa aache woga wa wazazi wapya. Alimtazama mwanawe, ambaye wiki hiyo alikuwa ameacha kucheka.

"Basi si siku nne tena," alisema daktari. "Ni kumi na nne. Na bei yake unaikumbuka, bibi. Ubongo ukishautoa usingizi ule wa ndani, haubaki na kitu cha kutunzia mambo ya siku. Siku zote hizo hazitakaa kwako. Utaamka kila asubuhi ukidhani jana ndiyo mmefika."

"Siku kumi na nne za kikongwe," alisema Bi Nyamizi. "Zichukueni." Kisha akamgeukia mkwewe aombe radhi. "Kalunde mwanangu."

Bibi na daktari walimsubiri Kalunde ajibu. Michoro ilisubiri ukutani.

"Nimekusamehe, mama," alisema Kalunde, kama mtu anayemeza kwinini.

Bi Nyamizi alilala baada ya dakika nne. Mawimbi yake yalipanda na kushuka, makubwa, ya polepole, na baada ya robo saa mistari ya Mwashi ilianza kuachana mmoja mmoja. Kalunde alilia kwa khanga mdomoni ili asiwaamshe.

*

Asubuhi ya pili alikuwa barazani anapooza uji wakati Bi Nyamizi alipotoka, amejitanda vizuri, uso umepumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeamkaje? Hivi ni leo ndiyo wanatulaza na zile kofia?" Alikaa kwenye benchi, akakunja pindo la khanga, akalikunjua. "Kalunde mwanangu, kaa kidogo. Nina jambo limenikaa hapa. Ile bangili ya mtoto..."

Kalunde alibaki ameshika mwiko. Yote yalikuja vilevile, majirani, taa ya njano, paka. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba siku hazitakaa, lakini hakuna kati yao aliyefikiri kwamba kuungama nako kungefutika pamoja na siku. Yeye alikuwa amekesha na hasira zake. Mwenzake alikuwa amelala fofofo, na sasa kaamka na kosa lake bichi kama la jana.

Ndipo wazo likamjia. Hatakumbuka.

Alisema. Alisema yote ambayo mke hamwambii mama mkwe, hata akiwa na haki mara mia. Kwamba mama mkwe alitaka sifa za majirani akawalisha mtoto wa mwenzake. Kwamba Mwashi akibaki hivyo, hamtambui mtu, atamleta kila asubuhi mlangoni kwake aone adabu aliyoitaka. Kwamba bibi hatamshika tena huyo mtoto maisha. Aliyasema amesimama, kwa sauti iliyomfanya mfagiaji wa Kituo aache ufagio na kuondoka taratibu. Bi Nyamizi hakujitetea hata kwa neno moja. Alizidi kukunja pindo lile la khanga mpaka likaisha.

Mchana huo alilala kwa shida, usingizi wa juujuu uliojaa vishindo. Mwashi alipoamka alijikunja mara thelathini na moja. Kalunde alihesabu zote. Siku iliyotangulia zilikuwa kumi na mbili.

"Ni mimi," alimwambia Daktari Sekela kwenye ujia. "Nilimtukana."

Daktari hakumkemea. Aliegemea ukuta akafunga macho kidogo. "Tunaweza kumrekodi akiungama, kesho tukamsikilizisha kwamba ameshasema."

Walimrekodi jioni hiyo, wakamsikilizisha siku ya tatu. Bi Nyamizi alisikiliza sauti yake mwenyewe, akakiri kwamba kweli ni yake, akazidi kufadhaika. Kusikia kwamba alisema hakukumtua mzigo. Alitaka kusema akiwa anamtazama Kalunde, na ilibidi asubiri jibu.

Lakini kilichomwumiza Kalunde siku hiyo ya tatu kilikuja kabla ya rekodi. Mama mkwe alitoka chumbani, akamkuta amekaa kinyonge, akamtwaa mtoto mapajani mwake na kumwambia, "Lete nimshike ule kwanza, umekonda mpaka mashavu." Alimbembeleza Mwashi na kumwimbia, hana habari kwamba jana yake alikatazwa kumgusa. Siku ile ya matusi ilikuwa imebaki kwa Kalunde peke yake, na hakuwa na mtu wa kuigawana naye.

"Nikimwambia nimekusamehe na si kweli," alimwuliza daktari mchana huo, "ni dawa au ni uongo?"

"Mchoro haulijui swali hilo," alijibu Sekela. "Akitulia unashuka, basi. Mimi ninalijua, na nakuapia sina jibu. Kamati ya maadili ilituuliza mambo mia moja kabla ya kuturuhusu. Hilo hawakuliuliza."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningedanganya," alisema daktari. "Halafu ningejichukia. Lakini mimi sina mtoto, dada, usinifuate."

*

Alidanganya siku ya nne, ya tano na ya sita. Aliijua njia yote, mahali bibi anapovuta pumzi, mahali anapomtaja Diwani na kuona aibu ya kutaka kucheka. Alijua kwamba akijibu haraka mno, mwenzake hasadiki, na akichelewa mno, machozi yanawahi. Alijifunza kusubiri kiasi cha mtu kumeza tonge. "Nimekusamehe, mama." Na mawimbi yakaja, na Mwashi akajikunja mara tisa, mara saba, mara saba tena.

Siku ya saba alijikuta anasikiliza. Hakupanga. Labda ni uchovu tu, hasira nayo inahitaji kulala. Aliona kwamba mwanamke huyu kila asubuhi anaamka katika siku aliyo huru kabisa kunyamaza, hakuna anayemshuku, hakuna aliyemwuliza, na kila asubuhi anasema kabla hata ya uji. Hakuwahi kuruka hata asubuhi moja. Kalunde alijiuliza kama yeye angekuwa na ubavu huo. Siku hiyo alisema "Nimekusamehe" na neno likatoka bila uchungu wa kwinini, japo halikuwa limekamilika.

Siku ya tisa, badala ya jibu, aliuliza.

"Mama, kwa nini ulitaka sana iwe ni salamu?"

Bi Nyamizi alishtuka, kama mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa hajaubisha. Alitazama uani, ambako jua lilikuwa limeshaanza kuuma.

"Kasubi hakuwa wa kwanza," alisema. "Wa kwanza alikuwa msichana. Naye alikuwa anainama akiamka. Nilimbeba mgongoni tangu Urambo mpaka hospitali, tukafika asubuhi, wakampokea. Jioni wakanirudishia ndani ya khanga yangu mwenyewe. Hakuna aliyejua ni nini, zama zile." Alilikunja pindo la khanga. "Nilipomwona huyu anainama, niliijua ile, Kalunde. Tumbo langu lilijua siku ya kwanza. Ndiyo maana nikaita majirani. Nilitaka watu wengi waseme ni adabu, wengi wengi, mpaka na mimi nisadiki."

"Aliitwa nani?"

"Mwashi."

Kalunde alikuwa ameambiwa kwamba jina la binti yake ni la bibi mzaa babu. Aliweka bakuli chini. Hakusema amesamehe. Alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la mama mkwe, wakakaa hivyo uji ukapoa wote, na mchana ule Bi Nyamizi alilala kabla hata kofia haijafungwa vizuri.

Daktari Sekela aliposimuliwa, alisimama ghafla. "Alikuwa na shangazi mwenye ugonjwa huohuo? Na fomu mlijaza 'hakuna katika ukoo'?" Alipekua upya vipimo vya damu, safari hii akijua atafute wapi, na baada ya siku mbili alirudi na hitilafu moja ndogo ya kurithi, iliyokuwa imejificha mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia bila sababu. Haikuwa tiba. Ilikuwa ni kujua, na ilimwonyesha dawa ipi mtoto aendelee nayo usingizi ukiisha. Pia aliandika upya zile taarifa za bangili zilizokuwa za paka.

Siku ya kumi na moja Mwashi aliamka, akajinyoosha, akapiga miayo. Walimsubiri. Kalunde alikuwa amenyanyua kidole tayari kuhesabu. Mtoto aliangalia dari, akaangalia waya, kisha akamwona mama yake na uso wote ukafunguka kwa kicheko kisicho na jino hata moja.

Kalunde alimkimbilia Bi Nyamizi amwonyeshe. Bibi alilia, akapiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja. Kesho yake asubuhi hakuwa na habari.

*

Mchana wa siku ya kumi na nne Daktari Sekela alizikunja kofia mbili akaziweka kwenye boksi. Mchoro wa Mwashi ulikuwa umetulia, nywele zimechanwa. "Nisiwadanganye," alisema. "Kuna wanaorudiwa. Nitataka kumwona kila wiki mpaka miezi sita ipite. Lakini leo hivi ndivyo alivyo, na mimi nimefurahi."

Kisha alimvuta Kalunde pembeni.

"Kuanzia kesho siku zake zitakaa. Ataamka na jambo lilelile, kwa mara ya mwisho. Ukitaka, mwahi. Mwambie unajua yote na mmeshamaliza, asijisumbue. Au mkwepe mpaka achoke kulisema, azeeke nalo. Hana njia ya kujua kwamba uliwahi kusikia."

"Na siku ya pili?" aliuliza Kalunde. "Yale niliyomwambia?"

Daktari alimtazama. "Hayo nayo hana njia ya kuyajua."

Asubuhi ya kumi na tano gari la Kituo, lile lisilo na dereva, lilikuwa limeshafunguliwa milango uani likiwasubiri kuwarudisha nyumbani. Kalunde alikuwa amemaliza kufunga mizigo. Mwashi alikaa mapajani mwake, anatafuna kona ya khanga. Bi Nyamizi alitoka, akatazama gari, akatazama mizigo, akachanganyikiwa kidogo.

"Shikamoo mama. Tumemaliza. Siku zote kumi na nne."

"Zote?" Bibi aliketi taratibu. Alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye, akamchekea. Bi Nyamizi aliweka mkono kifuani. "Ee Mungu wangu. Anacheka." Pindo la khanga likaanza kukunjwa. "Kalunde mwanangu, kaa kidogo. Nina jambo."

Kalunde alikuwa amekaa tayari. Angeweza kusema, najua. Lilikuwa neno dogo na lingewapunguzia wote wawili. Alimhamishia mtoto goti la pili.

"Sema, mama. Nakusikiliza."

Bi Nyamizi alisema yote. Salamu, majirani, bangili, paka, na safari hii, bila kuulizwa, na yule Mwashi wa kwanza. Kalunde hakumkatiza popote. Bibi alipomaliza aliinamisha kichwa akasubiri.

"Nimekusamehe, mama," alisema Kalunde. Lilitoka zima, halikumkwama popote. "Ilinichukua siku kadhaa. Umeshaniambia hili kila asubuhi tangu tufike, hukumbuki. Na mimi nina jambo langu. Siku ya pili nilikutukana."

"Ulinitukana?"

"Sana. Kwa sababu nilijua utasahau."

"Ulisema nini?"

Kalunde alimwambia. Alirudia neno kwa neno, mlango, sifa za majirani, hutamshika tena mtoto wangu. Hakulainisha hata moja. Bi Nyamizi alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa benchi, na machozi mawili yalimtoka, akayafuta kwa kiganja.

"Ulikuwa na haki," alisema.

"Nilikuwa na haki ya kukasirika. Sikuwa na haki ya kuchagua siku ambayo hungeikumbuka ukajitetea. Naomba radhi, mama."

Uani gari lilitoa mlio mdogo wa kukumbusha. Hakuna aliyelijali. Bi Nyamizi alinyoosha mikono yote miwili, na Kalunde akampa mtoto.

"Na kesho yake ukanipikia uji?" aliuliza bibi.

"Nilikupikia."

"Na huyu alianza lini kucheka?"

"Siku ya kumi na moja. Ulipiga vigelegele mpaka wauguzi wakatukimbilia."

"Mimi?" Bi Nyamizi alimwegemeza Mwashi kifuani, akamfunika miguu kwa pindo lililojaa mikunjo. "Basi liambie hilo gari litulie. Nihadithie zote, moja baada ya nyingine. Na ile ya matusi usiiruke."

Kalunde alisogea karibu, akaanza na siku ya kwanza.